Kisiwa cha Mwamgongo

Jumapili, 17 Agosti 1997

Nimepata kisiwa.

Leo asubuhi nilipanda boti pale Kibirizi, nikapita milima ya Gombe na sokwe wake, nikashuka Mwamgongo. Kijiji cha wavuvi. Hakuna barabara. Hakuna gari. Hakuna hata baiskeli, maana mlima umeshuka mpaka nyuma ya nyumba. Anayetaka kufika, apande boti. Sasa mahali pasipofikika ila kwa boti panaitwaje? Wenye akili tumeshaelewana.

Na ufukwe wake! Mchanga mweupe, mpana, mtupu. Wanaume wamekaa vivulini wanashona nyavu, maboti yamepandishwa nchi kavu, hakuna kelele wala harufu. Nilikaa pale saa nzima, sikuona kiumbe zaidi ya bata wawili, mume na mke, wakitembea taratibu ukingoni mwa maji. Nikaiona ishara. Mwenye boti, Muha mmoja mpole aitwaye Lukas, ana chumba cha wageni chenye dirisha linalotazama ziwa. Nimekishika kwa ajili ya mwisho wa mwezi. Nimerudi Kigoma mwezi ukiwa mkubwa kama sinia, nami naimba.

Niandike sababu, ili siku moja mwanangu Jonathan akisoma ajue baba yake alivyopigana. Mke wangu, Elinipa, ni mwalimu huko Same. Mimi nilihamishiwa Kigoma miaka miwili iliyopita kuwa Afisa Utamaduni, kazi ambayo tangu wakimbizi waanze kuingia hakuna anayeikumbuka, hata mkuu wangu. Sasa Elinipa anakuja likizo, Jonathan anabaki Same. Ameshasema wazi: baada ya likizo hii ataamua. Ama ataomba uhamisho aje tuishi wote huku, ama atabaki Same na mimi niwe mume wa Krismasi. Mimi nikamwahidi mapumziko ya kisiwani. Wakati naahidi nilikuwa namaanisha Unguja. Mfuko ukakataa.

Unguja yenyewe isingenijia kichwani kama si Crispin. Jirani yangu. Tulikuwa tunatumia meza moja ofisini, miguu yake ikigonga yangu. Walipoingia Warundi, kisha mwaka jana Wakongo, yeye akahamia kwenye shirika la wazungu linalowapokea, na sasa anapita mtaani ndani ya gari jeupe lenye mlingoti wa redio. Mwezi wa sita alimpeleka mkewe Honorata Unguja. Tangu hapo hujibiwi salamu mtaani kabla hujaonyeshwa picha.

Jumamosi, 23 Agosti

Maandalizi yamekamilika. Nimeazima mwavuli mkubwa wa muuza soda wa soko la Mwanga, hapa Kigoma mjini. Una rangi saba na tundu moja tu. Nimenunua kofia mbili za ukili. Nimenunua na turubai, lile ambalo wakimbizi hupewa wakishuka kwenye boti, na ambalo kwa miujiza ya biashara huonekana Mwanga wiki inayofuata. Lina herufi kubwa za shirika. Nimezisugua kwa brashi na sabuni ya kipande mchana kutwa. Zimetakata. Sasa zinasomeka kutoka mbali zaidi.

Crispin alipita akauliza nafua nini. Nikasema kivuli cha ufukweni. Akasema Unguja hoteli ndiyo inayoleta vivuli, mgeni ananyoosha miguu tu. Nikamtakia jioni njema.

Alhamisi, 28 Agosti

Amefika. Treni ilichelewa nusu siku, nami nilisimama stesheni tangu alfajiri nimevaa shati la kitenge, jasho likafika kabla yake. Aliposhuka nilisahau hotuba yote niliyoiandaa. Nikashika sanduku lake tu kama mpagazi. Nampenda huyu mwanamke, niandike wazi.

Alipokiona chumba changu alinyamaza. Mwenye nyumba amekikata katikati kwa ukuta wa mbao, ili upande wa pili apangishe madereva wa mashirika. Dirisha likawa nusu langu, nusu la dereva. Elinipa akauliza nani hulifungua. Nikasema tuna zamu. Akanyamaza tena. Elinipa akisema sana, mambo ni shwari. Akinyamaza ndipo mtu atafute pa kujificha. Alinyamaza mpaka chai ikapoa.

Ndipo nikatoa kisiwa. Akauliza kinaitwaje. Mwamgongo, nikasema. Akasema kwenye ramani anazofundishia hajawahi kukiona. Nikamweleza kwamba ramani za shule zimepitwa na wakati na serikali yenyewe inalijua hilo. Ndiyo, anafundisha Jiografia. Lakini Jiografia ya darasa la tano ni mito na reli. Haifiki huku.

Jumamosi, 30 Agosti

Naandika nimekaa juu ya ndoo kwa sababu hakuna pengine.

Safari ilianza vyema. Ziwa limetulia, Elinipa na kofia yake ya ukili, upepo mwanana. Ila nchi kavu haikutuacha. Ilikuwa mkono wa kulia tulipoondoka Kibirizi, ikawa mkono wa kulia Gombe, ikaendelea kuwa mkono wa kulia. Sikuwa nimeifikiria hiyo nchi kavu. Elinipa akauliza tutavuka saa ngapi. Nikamwambia tunakizunguka kwanza, ni kikubwa. Akasema, "Kumbe." Akaitazama milima mpaka tulipofika.

Tulipofika, sikuuona ufukwe. Mchanga wangu wote, kutoka kwenye mawe ya upande huu hadi kijito cha upande ule, umefunikwa na dagaa. Dagaa mbele, dagaa nyuma, njia ya kupita upana wa unyayo. Wanawake wameinama wanawageuza, watoto wanafukuza kunguru, maboti yanapakua, wachuuzi wanabishana. Na harufu! Harufu ilitupokea mizigo kabla ya Lukas.

Nikamvuta Lukas pembeni, nikamwuliza kwa ukali ule ufukwe niliouona wiki mbili zilizopita ameupeleka wapi. Alinishangaa. Akasema, "Mheshimiwa, wewe ulikuja wakati wa mbalamwezi. Mbalamwezi hatuendi ziwani. Ziwa lote lina mwanga, dagaa hawafuati taa. Tunashona nyavu tu. Sasa ni giza. Giza ndiyo kazi." Akaendelea kwa kirefu: mwezi ukikua hivi, mwezi ukifa vile. Sikumfuata mpaka mwisho. Mimi ni Afisa Utamaduni, siyo mnajimu. La msingi ni kwamba nimehujumiwa.

Sikukata tamaa. Nikapata nafasi kama mlango mmoja katikati ya dagaa, nikatandika turubai, nikachomeka mwavuli, nikamketisha mke wangu. Tulipumzika kwa muda wa kufungua soda. Akaja mwanamke mrefu mwenye ufagio, anaitwa Mama Dunia. Akasimama juu yangu akasema, "Baba, kivuli yako iko juu ya samaki yangu." Nikahamisha mwavuli. Jua nalo likahama. Kivuli kikarudi kwa samaki wake. Nikahamisha. Kufikia saa kumi mwavuli ulikuwa umeingia ziwani na unakinga maji.

Elinipa akauliza kama dagaa nao wamekuja likizo. Nilicheka kwa sauti kubwa ili ionekane ni mzaha.

Jumapili, 31 Agosti

Leo kisiwa kimenusurika kwa unywele.

Tulikuwa tumekaa mbele ya nyumba ya Lukas, tunakula mgebuka wa kuchoma (mtamu, nakiri), mara akashuka mtu mlimani na mbuzi watatu. Vumbi mpaka magotini. Akatuamkia "Mwakeye," akaomba maji. Elinipa akampa, akamwuliza ametoka wapi. Akasema ng'ambo ya milima, ametembea tangu jana. Elinipa akanigeukia taratibu. Akauliza mtu anatembeaje tangu jana, na mbuzi, mpaka kisiwani.

Nikasema maji hupungua kiangazi.

Yule bwana akanitazama kwa huruma, akanywa maji yake akaondoka. Elinipa akatoa mwiba kwenye samaki, akamla vizuri, akasema mbuzi wa Kigoma ni hodari. Nadhani ameamini. Ni shida kumjua.

Jua lilipozama nyuma ya milima ya Kongo nilikuwa nimeshapanga kuomba radhi kwa kila kitu. Ndipo maboti yakatoka na karabai zao. Taa moja, nyingine, nyingine, mpaka ziwa lote likajaa. Hapana mwezi, mbingu nyeusi tii, na taa huko chini zimesimama safu safu. Elinipa akashika mkono wangu. Akasema ni kama mtu amejenga mji juu ya maji na hajauambia ulimwengu. Hajanishika mkono hivyo tangu Jonathan alipozaliwa.

Mimi ndiye niliyepanga tuje wakati huu. Nitamkumbusha kesho.

Jumatatu, 1 Septemba

Usaliti. Niliamka nikakuta kitanda ni changu peke yangu. Nikatoka. Mke wangu, aliyekuja kupumzika, amejifunga kanga kiunoni, kofia ya ukili kichwani, ameinama anageuza dagaa pamoja na Mama Dunia! Wanacheka. Nikamwita. Akanipungia mkono kama mtu anayemsalimu jirani.

Nikamwambia huku ni mapumziko. Akasema ndiyo, anapumzika, kwani hapa hakuna madaftari ya kusahihisha. Nikarudi chini ya mwavuli. Mapumziko ya mtu mmoja hayana maana yoyote. Nilinyoosha miguu, nikaikunja, nikainyoosha.

Mchana alikuja kula na habari za Mama Dunia tu. Kwamba ni Mkongo, alivuka ziwa mwaka jana vita vilipopamba moto, na wanawe wanne na sufuria moja. Kwamba hakwenda kambini kwa sababu mjomba wake ameoa hapa. Kwamba dagaa wa giza hili ndio bati za nyumba yake. Wakikauka vizuri ataezeka kabla ya mvua za Oktoba, wakiharibika atalala tena chini ya nyasi zinazovuja. Kwamba dagaa wakianikwa mchangani hushika mchanga na bei huanguka, na kwamba yeye Elinipa amemwambia waanike juu ya miti iliyoinuliwa, kama kwao wanavyoanika kahawa. Macho yanamng'aa. Hajawahi kuniongelea mimi hivyo.

Zimebaki siku mbili tu. Nataka ufukwe mtupu na mke wangu peke yake, saa moja tu, ili nimwambie neno la uhamisho. Wazo limeanza kunijia.

Jumanne, 2 Septemba, saa nane mchana

Nimeshinda! Naandika nikiwa ufukweni. Ufukwe mzima. Hakuna dagaa hata mmoja.

Ilikuwa hivi. Saa tano nilitoka chumbani nimeweka redio sikioni na nimekunja uso. Nikasimama juu ya jiwe. Nikatangaza kwamba redio imesema mvua kubwa inakuja kutoka Kongo, mchana huu huu. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Lukas akasema kwa adabu kwamba tangu azaliwe hajaona mvua mwezi huu. Nikamkumbusha mimi ni nani. Nikasema Serikali. Mama Dunia akaacha ufagio akaniuliza, "Banasema ku redio?" Nikasema wamesema. Akaangalia mbingu, akaniangalia mimi, akaanza kukusanya. Wenzake wakafuata. Kabla ya saa saba dagaa wote walikuwa ndani ya nyumba na mchanga umerudi kama nilivyouona ile siku ya bata.

Nikatandika turubai katikati kabisa. Nikachomeka mwavuli. Nikamwita Elinipa kwa sauti ya upole.

Saa tisa

Nimebaki peke yangu.

Elinipa alikuja, akakaa, akapokea soda. Nikaanza kusafisha koo. Yeye akatangulia. Akauliza redio imesemaje, ikiwa betri za redio hiyo ziko kwenye tochi yetu tangu juzi.

Nikaisukuma redio chini ya turubai. Akasema dagaa ambao hawajakauka vizuri wakirundikwa ndani huchemka wenyewe, na kesho ni wa kutupa. Akasema yule mwanamke ameondoka kwao kwa sababu ya uongo wa wakubwa, akavuka ziwa lote, akaja kukutana na uongo wangu. Hakupandisha sauti hata kidogo. Akaweka soda chini, haijanywewa, akaenda kwa Mama Dunia.

Nimekaa hapa kwenye ufukwe mtupu niliokuwa nautamani na naona haya. Haya kweli kweli. Nimeona bati za yule mama zikiruka moja moja. Nimeona pia treni ya Elinipa ikiondoka. Nitanyanyuka, niende, niseme nimedanganya mbele ya kijiji chote. Nimeshatunga maneno. "Ndugu zangu wa Mwamgongo." Nitaanza hivyo.

Saa moja jioni

IMENYESHA!

Nilikuwa nimefika nusu ya njia. Kijiji kinanitazama. Nimeinua mkono, nimesema "Ndugu zangu wa," na tone likaniangukia puani. Nikageuka. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, palikuwa peusi kama sufuria. Upepo ukaja, ukaung'oa mwavuli wa watu ukaupeleka hadi kwa mbuzi wa jirani. Nikabadilisha hotuba hapo hapo. "Ndugu zangu wa Mwamgongo, si niliwaambia?"

Mvua ilimwagika mpaka mabati yakashindwa kusikilizana. Ufukwe wote ukawa mto. Lukas anasema mwalo wa pili wa maboti, ng'ambo ya kijito, ambao haukupata tangazo, dagaa wao wamerudi ziwani walikotoka. Wetu wako ndani, wakavu, salama, kila punje. Turubai langu limefunika mlango wa Mama Dunia. Yeye mwenyewe alinishika mikono yote miwili akasema, "Weye njo uliokoa nyumba yangu, baba." Wanawake wakapiga vigelegele. Nikainamisha kichwa kidogo, inavyopasa.

Elinipa alikuwa amesimama mlangoni. Aliniangalia. Nikamwangalia. Nikamwambia mambo haya mtu huyahisi mifupani. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo, mpaka machozi yakamtoka, mpaka Mama Dunia akamletea maji. Miaka miwili sijausikia mcheko huo. Nilisimama tu kwenye mvua nikiusikiliza.

Jumatano, 3 Septemba

Jua kali. Nililitabiri. Wavuvi walinijia asubuhi na mapema wakaniuliza leo itakuwaje, nikatazama juu nikasema jua, na likawa jua. Wananiita Bwana Mvua. Dagaa wameanikwa tena, safari hii sehemu yao juu ya miti, alivyoelekeza Elinipa. Mzee mmoja ameuliza kama naweza kuzuia mvua pia. Nimemwambia si kazi ya siku moja.

Kijiji kimetuzawadia gunia la dagaa. Elinipa amemwachia Mama Dunia kofia yake ya ukili. Wamekaa pamoja mchana kutwa wakipanga mambo. Nilipowasogelea walinyamaza, kisha Elinipa akaniambia nikapumzike, kwani mtu aliyefanya kazi ya Mungu lazima amechoka.

Alhamisi, 4 Septemba

Siku ya aibu iliyoisha vizuri.

Tuliondoka alfajiri. Lukas alijaza boti kama kawaida yake, na katikati ya abiria zilikuwamo familia mbili za Kikongo zilizoshushwa Mwamgongo jana yake. Tukafika Kibirizi. Nieleze tulivyoonekana: nguo zilizonyeshewa zimetukaukia mwilini, pua ya Elinipa imebambuka, gunia limefungwa ndani ya turubai lenye herufi zilizotakata, ndoo, sufuria niliyonunua kwa kumbukumbu, na mwavuli usio na kitambaa.

Kijana wa mapokezi ya wakimbizi alitazama turubai, akatuelekeza mstari wa kushoto. Nikasema sisi siyo. Akasema, "Msiogope, wazee wangu, mko salama sasa." Nikasema natoka mapumzikoni. Akamwambia mwenzake huyu bwana amechanganyikiwa kidogo, apewe uji kwanza. Nikamwambia mimi ni Afisa Utamaduni. Akasema kwa upole kwamba tutapata wote kazi, Mungu akipenda. Elinipa alikuwa ameshaupokea uji na anaunywa. Alisema una sukari ya kutosha.

Na nani akatokea na kipaza sauti? Crispin. Na Honorata wake pembeni, amemletea chakula cha mchana. Crispin aliponiona kwenye mstari na kikombe mkononi, kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa. Kibirizi nzima ilisikia akicheka.

Honorata akamwuliza Elinipa, kwa sauti ya pole tamu, kama hivyo ndivyo mapumziko ya kisiwani yalivyokuwa. Niliomba ardhi ipasuke. Elinipa akamaliza uji wake. Akasema katika maisha yake hajapata likizo kama hiyo. Akasema usiku ziwa lote lilikuwa taa, na mume wake alisimama juu ya jiwe akatangaza mvua kiangazi, ikanyesha, kijiji kizima kikapiga vigelegele. Mkaulizeni Lukas. Lukas, akiwa amebeba gunia letu, akasema, "Ni kweli kabisa, mama. Huyu ndiye Bwana Mvua." Elinipa akauliza Unguja walipigiwa vigelegele na nani.

Crispin akazima kipaza sauti.

Honorata akauliza, taratibu sasa, hicho ni kisiwa gani. Elinipa akasema, "Kikubwa kuliko chenu." Akanishika mkono mbele ya watu wote, tukapanda kilima cha kwenda Mwanga. Nilikuwa nimebeba ndoo na sikuuhisi uzito wake.

Jumapili, 7 Septemba

Ushindi kamili. Elinipa anaomba uhamisho.

Aliniambia jana, anachambua dagaa. Yeye na Mama Dunia wameshakubaliana: Mama Dunia ataanika huko, juu ya miti, bila mchanga, na yeye atawauza hapa Mwanga siku ambazo hafundishi. Jonathan atakuja naye. Kuhusu chumba, amezungumza na dereva wa upande wa pili, anahama, na ukuta wa mbao utakuwa kichanja cha dagaa. Nikasema nilijua kisiwa kingemvuta. Akasema alijua siyo kisiwa kabla hatujapita Gombe. Nikajaribu kushangaa. Akasema alikuwa anangoja kuona nitafika wapi, na nilipofika kwenye wale mbuzi karibu anihurumie.

Nikauliza mbona basi alimwambia Honorata vile. Akasema kwani uongo uko wapi? Afrika yote imezungukwa na maji. Alinipigia mstari wa chaki hewani kuonyesha bahari zote. Kisha akasema nimemdanganya vibaya sana, na yule mama angeumia, na nisirudie tena. Nikaahidi. Akasema, hata hivyo, hakuna mtu aliyewahi kuhangaika hivyo kwa ajili yake, akarudi kwenye dagaa. Nilitoka nje nikasimama kidogo kwenye nusu yetu ya dirisha.

Kwa ufupi, nilikuwa sahihi tangu mwanzo, na hata Jiografia imekubali.

Lakini mwanamume halali juu ya ushindi mmoja. Mpango mpya tayari: Safari ya Kisiwani Kutazama Taa. Wageni wa mashirika wamejaa mjini na jioni hawana pa kwenda. Wa kwanza nimewaalika Crispin na Honorata, na Crispin ameniahidi kuleta wakubwa zake wote, wazungu, na kamera. Atasimama pale ufukweni na mdomo wazi, nami nitaeleza. Lukas sijamwambia tarehe. Nataka naye ashangae.

Elinipa amesoma tarehe akichungulia nyuma ya bega langu. Ameniuliza kama nakumbuka alichosema Lukas kuhusu mwezi. Nikasema nakumbuka kila neno. Akatabasamu, akasema siku hiyo yeye atabaki nyumbani, ila nimwambie Crispin abebe viti, huenda wakakaa sana.

Tarehe nimeichagua kwa uangalifu mkubwa: Jumanne, 16 Septemba, mwezi mpevu. Ile Jumapili yetu ilikuwa giza mno. Taa ni nzuri, sikatai, lakini watu wanahitaji mwanga ili wazione vizuri.